Karatasi ya Mtoto wa Tausi

Land Rover ya polisi ilikuwa imeshaliacha soko la Makambako nyuma na imeanza kupandisha kuelekea Njombe, ndipo Sajini Rehani alipokumbuka kwamba hajamuuliza mahabusu wake swali hata moja. Siku tatu nzima kazi yake ilikuwa kuandika waliyosema wengine.

Mahabusu alikaa kiti cha nyuma, pingu mikononi, sweta la kiuguzi limefungwa vifungo mpaka kooni. Idda Sanga, muuguzi wa miaka ishirini na saba, mtu wa Makete. Leo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu saa tatu asubuhi alitakiwa asimame mbele ya hakimu Njombe na kusomewa shitaka la uzembe uliosababisha kifo cha mtoto mchanga.

Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na saba, na baridi ya huko huijui mpaka ikukute. Rehani, mtu wa Lindi, alikuwa amevaa makoti mawili.

"Marcelino, washa basi hita."

"Hita ya gari hili, afande, ilikufa kabla ya vyama vingi," alijibu Koplo Marcelino, mikono kwenye usukani.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Abdulaziz, mwenye malori, serikali ilipowaruhusu watu binafsi kufungua hospitali naye alijenga yake Lyamkena. Akaenda Dubai, akarudi na mashine ya altrasaundi iliyokwishatumika lakini nzima. Mashine ile haikuishia kwenye matumbo ya wajawazito. Ilikuwa na kifaa kidogo cha kushika mkononi. Ukikipaka jeli na kukiweka utosini mwa kichanga, pale ambapo fuvu halijafunga, inakuonyesha damu inavyokwenda ndani ya ubongo. Idda alipelekwa Dar wiki sita kujifunza. Jumatatu ya juma hili Tausi, mke wa dereva mmoja wa Abdulaziz, alijifungua mtoto wa kiume aliyechelewa kulia. Daktari aliagiza apimwe. Jumanne jioni karatasi ya kipimo ilikuwemo kwenye faili: damu inapita vizuri, I.S. Daktari akalala usingizi. Jumatano alfajiri mtoto alikakamaa, na kabla jua halijatoka akafa.

"Sikumpima yule mtoto," alisema Idda, wala hakuulizwa.

"Karatasi ipo. Jina la mama, tarehe, herufi zako."

"Karatasi, karatasi. Tangu Jumatano naimbiwa karatasi. Mimi sijaiona."

Rehani akageuka. "Hujaionaje na wewe ndiye uliyeitoa?"

"Afande, mtu akiambiwa kaiba ng'ombe, si anaonyeshwa ng'ombe mwenyewe?"

Marcelino akakohoa, kikohozi cha kuficha kicheko. Rehani alilifungua faili juu ya magoti yake. Kweli, karatasi ilichukuliwa ikawekwa kuwa kielelezo, na hakuna aliyewaza kumwonyesha mshitakiwa. Ilikuwa kipande laini, kinang'aa kama karatasi ya risiti, chenye mistari myeusi. Akaipitisha juu ya kiti.

Idda akaitazama. Midomo yake ikawa inahesabu. Halafu akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Huyu si mtoto."

"Ni nani?"

"Simjui. Ila ana ndevu au ana matiti. Huyu ni mtu mzima."

"Eleza."

"Mashine inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga damu inayokwenda, inarudi, mashine inachora. Kila moyo ukipiga, kilima kimoja. Umeviona vilima? Hii mistari ya chini ni sekunde. Hesabu."

Rehani alihesabu. Sekunde sita. Vilima saba.

"Moyo wa mtoto wa siku moja unakimbia," Idda aliendelea. "Mia na arobaini kwa dakika. Hapa pangekuwa na vilima kumi na vinne, vimebanana kama meno ya msumeno. Mtu kachukua kile kifaa cha mkononi akakiweka shingoni mwake, akachapa jina la Tausi."

"Na hapa katikati pana nini? Pana pengo."

Idda akainama zaidi. "Moyo unaoruka. Unapiga vizuri, mara pigo moja linawahi, linakuwa dogo, halafu kimya, halafu linakuja kubwa. Watu wazima wa namna hiyo wako wengi, wala hawajijui."

"Wangu unaruka kila mwisho wa mwezi," alisema Marcelino.

Rehani hakucheka. "Kwa nini hukumpima?"

"Bibi yake alishampaka dawa ya utosi. Masizi na mafuta ya nyonyo, nene kama kandiko la ukuta. Sauti haipiti pale, mpaka uoshe. Nikaomba. Bibi akasema nikithubutu kugusa atanivunja mkono. Basi nikaandika kwenye kitabu cha ripoti cha wodi: hajapimwa, ndugu wamekataa, mtoto apelekwe Mbeya leo. Zamu yangu ikaisha saa nane mchana, nikaenda nyumbani kufua."

"Hicho kitabu kiko wapi?"

"Wodini. Au ninyi hamkukitafuta?"

Hawakukitafuta. Rehani aliandika maneno mawili kwenye daftari lake: kitabu, masizi. Wakaingia Njombe.

*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa Inspekta Ezekia. Huyu na Rehani walijiunga siku moja, wakalala kitanda cha juu na cha chini kwenye chuo cha polisi Moshi. Sasa Ezekia alikuwa na nyota begani na jiko la mkaa ofisini. Rehani alimpigia saluti ambayo haikufika juu kabisa.

"Kwa hiyo mahabusu kakufundisha mashine njiani," alisema Ezekia baada ya kusikiliza.

"Nimehesabu mwenyewe."

"Bibi wa marehemu anasema mtoto alipimwa. Daktari anasema alipimwa. Karatasi inasema alipimwa. Anayebisha ni mtuhumiwa na wewe."

"Nipe mpaka Jumatatu, afande."

"Jumatatu saa tatu ndiyo mpaka Jumatatu. Nani kakunyima?" Ezekia aliunyoosha mkono juu ya jiko. "Rehani, tabia yako ni ileile. Tangu Moshi, mwenzako akishamaliza mtihani, wewe unasema mtihani ulikosewa."

"Na ulikosewa, afande. Swali la saba."

Walimfungia Idda Njombe. Land Rover ilihitajika kwa kazi nyingine, kwa hiyo Rehani alirudi Makambako kwenye lori la mbao, amebanwa kati ya dereva na mama mwenye debe la viazi, na njia nzima alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake mwenyewe, anatazama saa. Sabini na mbili. Sabini na nne kwenye mlima.

*

Msiba wa Tausi ulikuwa nyumba ya vyumba viwili Lyamkena, nyuma ya gereji. Bibi wa mtoto, Bi Mwanaheri, mama yake Tausi, alikaa mkekani amejifunika kanga mbili. Binti yake alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

"Asalaam aleikum. Shikamoo, Bibi."

"Aleikum salaam. Marahaba, mwanangu. Mmeshamfunga?"

"Jumatatu. Bibi, nina jambo dogo la kumalizia. Mtoto aliogeshwa na nani?"

"Na mimi, na jirani yangu."

"Maji yalitoka na rangi gani?"

Huko nje mtu alikuwa anagonga bati gereji, akaacha, akaanza tena.

"Swali gani hilo la kumuuliza mfiwa?"

"La kazi, Bibi. Naweza kwenda kumuuliza jirani. Nimeona nikuulize wewe kwanza, kwa heshima."

Bibi akaushika ukingo wa kanga, akauzungusha kidoleni. "Meusi," alisema. "Mara tatu meusi. Mara ya nne ndiyo yakatakata."

"Kwa hiyo dawa ilikuwa utosini mpaka anakufa. Haikuguswa."

"Haikuguswa."

"Na hukuniambia hivyo Jumatano."

"Ningesemaje?" Sauti yake ilipanda ghafla. "Ningesema nilimfukuza muuguzi? Mkwe wangu angesema nini? Angesema mimi nimemuua mjukuu wangu kwa masizi ya sufuria! Yule binti wa Makete ana mama yake wa kumlilia. Mimi nina Tausi peke yake."

Pazia lilisogea. Tausi alisimama mlangoni, kitambaa kimefungwa kifuani kuzuia maziwa, macho yamevimba.

"Mama. Ulimfukuza?"

"Mwanangu, lala."

"Nilikuuliza Jumanne nilipoamka. Nikakuuliza, mama, kapimwa? Ukasema kapimwa na mzima."

Bi Mwanaheri alijifunika uso. Rehani aliandika maelezo palepale, akamsomea, akampa kidau cha wino aweke dole gumba. Tausi alisimama vilevile mpaka wino ulipokauka.

*

Jumapili asubuhi, wakati kengele za makanisa zinajibizana, Rehani alikwenda hospitali ya Abdulaziz. Daktari Emanuel, kijana mwembamba mwenye miwani, alimpeleka wodi ya wazazi.

"Naomba nisikilize mtoto mmoja. Yeyote aliyezaliwa jana."

Daktari akamvalisha masikioni kifaa cha kusikilizia moyo, akakiweka kisahani chake kifuani mwa kichanga cha kike kilichofungwa kama mkate. Rehani alitazama mshale wa saa. Aliacha mara mbili, akaanza upya, maana mapigo yalikuwa yanamkimbia. Mara ya tatu alipata sabini kwa nusu dakika.

"Mia na arobaini," alisema. Akatoa karatasi ya Tausi. "Huyu je?"

Daktari alihesabu, akavua miwani, akahesabu tena. "Kichanga moyo ukipiga hivi polepole, huyo anakufa mbele ya macho yako. Na hapa pameandikwa damu inapita vizuri."

"Hukuliona hilo Jumanne?"

"Mimi nilisoma maneno, Sajini. Vilima ni vya Idda." Uso ulimwiva. "Unajua ilivyo, daktari mzima unamsubiri muuguzi akusomee? Mgonjwa akiuliza nasema subirini Sista Idda. Wenyewe wanacheka. Ningejua hajapimwa ningemtuma Mbeya jioni ileile, gari la Abdulaziz lilikuwepo."

"Chumba cha mashine kina funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja wa Idda. Mwingine unaning'inia ofisini kwa Metroni. Tunaouchukua ni watatu: mimi, Metroni na Methodi wa eksrei. Umeme ukirudi na mshindo, yeyote aliye karibu anakwenda kuzima."

Kitabu cha ripoti kilikuwa mezani wodini. Rehani alikifungua Jumatatu, akageuza, akakuta Jumatano. Katikati kulibaki meno ya karatasi kwenye uzi wa mshono.

*

Hapo sasa ndipo alipofikiria mikono.

Watu wa huku wakikusalimia hawakuachii. Wanakushika, wanauliza safari, wanauliza nyumbani, wanauliza mvua ya kwenu, na mkono wako bado umo. Siku zake za mwanzo Rehani alikuwa anauchomoa mapema, akahesabika mtu wa pwani asiye na malezi. Jumapili ile aliamua kuwa na malezi.

Alianza na Daktari mwenyewe, kwa kisingizio cha kumshukuru. Mkono wa kulia ndani ya mkono, wa kushoto umekuja juu kwa heshima na kufunika kifundo, vidole viwili pale mshipa unapopita. Mapigo yalikuwa ya haraka kidogo, ya mtu mwenye hofu. Hayakuruka.

Methodi alimkuta chumba cha eksrei, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Mwanaume wa miaka arobaini, kitambi, meno makubwa.

"Kamwene, Bwana Methodi."

"Ooh! Afande leo kajifunza! Kamwene, kamwene."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, labda za kwako. Unakuja kunikamata?"

"Nikukamate kwa lipi?"

"Kwa wivu. Si kila mtu hapa atakwambia Methodi ana wivu na Idda? Ninao. Miaka kumi na minne napiga eksrei, vidole vinaniisha, mashine mpya imekuja wanamchukua binti aliyekuja juzi. Angepewa ya kuzibua vyoo ningefurahi." Hakuonyesha haraka ya kuutoa mkono. "Miezi minne nachungulia dirishani, najua kila kitufe. Ningetaka kuiharibu ningeiharibu. Lakini mashine haijanikosea kitu, afande."

Mapigo yake yalikwenda kama saa ya ukutani ya stesheni. Rehani alihesabu dakika nzima, akauliza mpaka habari za mifugo. Hakuna pengo.

"Una mkono wa baridi, afande," alisema Methodi. "Kunywa chai."

Akabaki Metroni.

Eufrasia alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mtu wa Njombe, nyumba yake iko Mjimwema. Makambako alipanga chumba tu kwa ajili ya kazi. Nusu ya watoto wa shule za mji ule walipokelewa na mikono yake. Tangu Idda akamatwe, kila asubuhi alimpelekea uji kituoni, chupa imeviringishwa kwenye taulo, na polisi wa zamu walimpenda kwa hilo. Rehani mwenyewe alishakunywa uliobaki.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, mwanangu! Njoo, karibu. Umeamkaje? Umerudi salama Njombe? Na Idda kalala wapi, wamempa blanketi?" Alimshika kwa mikono yote miwili, kama wanavyoshika kina mama wa huko, akamvuta karibu na dirisha penye jua. "Njombe wamelima viazi? Umepita Mjimwema?"

"Nimepita kwa mbali, Mama. Viazi viko."

"Na kwenu Lindi? Mama yupo?"

"Yupo."

Chini ya vidole vyake moyo ulipiga, ukapiga, ukapiga. Pigo moja likawahi, dogo, kama mtu aliyejikwaa. Kimya. Halafu likaja moja lililosukuma vidole.

Rehani aliendelea kuuliza habari. Ng'ombe, kanisa, mdogo wake aliyeolewa Ludewa. Moyo ukajikwaa mara ya pili, mara ya tatu. Alipomaliza habari zote alizokuwa nazo duniani, aliuachia mkono.

"Leo umesalimia vizuri," alisema Eufrasia, anatabasamu.

"Nimefundishwa na nyinyi. Mama, naomba tukutane wote chumba cha mashine. Dakika kumi."

*

Chumba kilikuwa kidogo, pazia zito dirishani. Methodi alikaa kwenye kiti cha Idda kama aliyekalia kiti cha ubunge. Rehani alifungua vifungo vya makoti yake, akaiacha shingo wazi.

"Mimi kwanza. Halafu kila mmoja. Kila karatasi iandikwe jina."

Jeli ilikuwa baridi kama maji ya mlimani. Mashine ikaanza kusema shuu, shuu, shuu, na kwenye kioo vilima vikatembea. Methodi alibonyeza, karatasi ikatoka. Vilima saba, sawasawa. Akafuata Daktari: vilima vinane, sawasawa. Methodi akajipima mwenyewe kwa mbwembwe, akahangaika muda kutafuta mshipa, akaupata.

"Mama," alisema Rehani.

Eufrasia alikaa. Aliichukua jeli ile ya baridi kwa kidole chake mwenyewe, akapaka chini ya taya upande wa kulia. Kifaa kilipogusa, sauti ikaja mara moja. Shuu. Shuu. Shuu. Shu. Kisha chumba kizima kikangoja. Shuuu.

Methodi alitoa mkono kwenye vitufe kana kwamba vimemuunguza. "Metroni," alisema kwa sauti ya chini.

Rehani aliziweka karatasi mbili juu ya meza, ya leo na ya Jumanne. Haikuhitaji elimu. Daktari alizitazama, akamtazama mama yule aliyemfundisha kazi ya wodi alipotoka chuoni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ukurasa wa kitabu uko wapi?" aliuliza Rehani.

"Niliuchoma kwenye jiko la kuchemshia vyombo."

"Kwa nini, Mama?"

Eufrasia alijifuta shingo kwa taulo, taratibu, pembe kwa pembe.

"Miaka ishirini na saba nashika utosi wa watoto wa watu kwa kidole hiki. Nabonyeza kidogo, najua. Umebonyea, umevimba, najua. Mashine ilipokuja niliandika barua. Abdulaziz akaniambia, Mama Eufrasia, macho yako yamechoka, tumpeleke Idda. Idda! Nimemfundisha mimi kukata kitovu. Alikuwa anatetemeka, mkasi nimemshikia mimi. Karudi Dar anasema Mama, hiyo ya kidole siku hizi hatutumii. Alisema mbele ya wagonjwa. Na hakusema kwa ubaya, ndiyo iliyoniuma. Angesema kwa ubaya ningemjibu."

"Jumanne."

"Jumanne nikasoma alichoandika. Nikasema, haya. Nikatoa karatasi, nikaandika herufi zake. Asubuhi Daktari anapita wodini, mtoto ana masizi utosini kama sufuria, faili lina kipimo. Ningeuliza tu: Sista Idda, hiki kipimo kimepitia wapi? Ingeonekana anatunga majibu. Wangemtoa kwenye mashine. Basi, ni hilo tu nililotaka, atoke kwenye kile kiti."

"Na mtoto?"

"Nilimshika utosi mwenyewe. Pembeni ya dawa, kwa kidole." Alikitazama kidole. "Nikaona mzima. Nilijua atafika asubuhi."

"Hakufika."

"Hakufika. Na maiti ikaogeshwa, masizi yakaenda, ikabaki karatasi."

"Siku tatu, Mama. Unampelekea uji."

"Nilikuwa nampenda, Sajini. Bado nampenda." Alisema hivyo kwa hasira, kama anayedai kitu alichonyang'anywa. "Wewe hujawahi kumpenda mtu na hapohapo ukatamani aanguke?"

Rehani alifunga vifungo vya koti la ndani, kisha la nje. Alichukua karatasi zote tano, akaziweka ndani ya faili kwa mfuatano wa majina.

"Chukua sweta lako, Mama," alisema. "Njombe kuna baridi."

*

Jumatatu saa tatu Idda Sanga alifutiwa shitaka, na saa tatu na nusu Eufrasia alisomewa la kwake. Alikiri. Alifungwa miaka mitatu, akatumikia miwili, akarudi nyumbani kwake Mjimwema. Hakuruhusiwa tena kufanya kazi ya uuguzi. Alifuga nguruwe.

Inspekta Ezekia aliandika ripoti ya kesi kwa jina lake, akapandishwa cheo mwaka uliofuata na kuhamishiwa Iringa. Rehani alihamishiwa Tunduru akiwa Sajini, akastaafu akiwa Sajini. Marcelino aliacha upolisi, akanunua Land Rover ileile kwenye mnada, ikamfia Igawa.

Daktari Emanuel alikwenda kusoma nje, hakurudi. Methodi aliombwa aendeshe mashine, akaiendesha miezi saba kwa wajawazito tu, maana vichwa vya watoto alikataa kuvigusa. Halafu kioo kikaungua. Fundi wa kukitengeneza hakupatikana Makambako wala Mbeya, na Abdulaziz akaiuza kwa mtu wa Songea aliyetaka magurudumu yake.

Idda aliahidiwa mshahara mara mbili abaki. Alirudi Makete, akaolewa na mwalimu kijiji cha jirani na Ikonda, akalima ngano na viazi. Eufrasia alimwandikia barua mbili kutoka gerezani. Hazikujibiwa, na hazikutupwa pia.

Bi Mwanaheri alihamia Tanga kwa dada yake. Mkwe wake hakumsindikiza stendi.

Tausi alipata mimba tena mwaka tisini na tisa. Walikuwa mapacha, wasichana. Alizalia nyumbani, amefunga mlango kwa ndani, na hakumwita mtu yeyote.